Ngoma ya mwali Newala, Desemba 2021: aliyechanja hataki barakoa, asiyechanja anaogopa watu

Kisa chenyewe kiko hivi. Familia moja ya kijijini huku wilaya ya Newala, mkoani Mtwara, walikuwa wanamtoa mwali wao, Desemba 2021, shule zimefungwa, hela za minada ya korosho zimeshaanza kuingia kwenye akaunti za watu, yaani ule msimu ambao Jumamosi usiku ukitega sikio unasikia ngoma pande mbili tatu. Wakakaa kikao cha kupanga bajeti, kikaishia kwenye ugomvi wa korona. Na haukuwa ule ugomvi tuliouzoea wa "wanaoamini" na "wasioamini", ndo maana nimeona niuandike wote, manake watu wakisimulia habari za Kusini na chanjo wanasema tu wale waligoma, hawajasoma, basi wanaenda zao. Mimi na familia hii tunahusiana upande wa mama na kikaoni nilikuwepo. Majina siyaweki.

Turudi nyuma kidogo, bila hapo mtu wa mbali hataelewa. Mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa 16 Machi 2020, Arusha. Shule zikafungwa, ndoo za koki zikawekwa kila mlango wa duka. Ila misikiti na makanisa havikufungwa, masoko hayakufungwa, hakuna kafyu, hakuna mtu kufungiwa ndani. Takwimu zikaja kusimama kwenye wagonjwa 509, Mei rais Magufuli akatoa yale ya papai na mbuzi kupimwa na kukutwa na korona, tarehe 29 Juni shule zote zikafunguliwa na maisha yakaendelea. Januari 2021 akiwa Chato akaitahadharisha wizara ya afya isikimbilie chanjo. Machi 17 akafariki. Rais Samia akaunda kamati ya wataalamu, kamati ikashauri chanjo zije, Julai 24 dozi 1,058,400 za Janssen zikatua Dar, na Julai 28 rais mwenyewe akachanjwa Ikulu nchi nzima inaangalia.

Sasa angalia kitu kimoja ambacho naona wengi kimewapita. Wenzetu majirani na huko Ulaya walikuwa wamefungwa kwanza, halafu chanjo ikaja kama njia ya kutokea. Kenya walikaa na kafyu tangu Machi 2020 mpaka 20 Oktoba 2021. Ufaransa kuanzia Agosti 2021 ukitaka kukaa mgahawani uonyeshe cheti cha kuchanja, au kwamba umepima, au kwamba uliugua ukapona. Kwa hiyo mtu wa huko ukimwambia "chanja" anaelewa anapata nini, anapata mgahawa wake, anapata usiku wake. Mtu wa Newala alikuwa na usiku wake muda wote. Kwake yeye barakoa, level siti kwenye gari (abiria wa kukaa tu, hakuna kusimama) na habari za "epukeni mikusanyiko" zilirudi kwa nguvu katikati ya 2021, wimbi la tatu, yaani zimekuja kipindi kilekile chanjo inakuja. Kwingine chanjo ilikuja kuondoa vizuizi, huku ilionekana kama imevileta. Mjomba mtu alilisema hilo waziwazi kikaoni, "Sisi tulikuwa tumekaa vizuri tu, mmeleta chanjo, na barakoa zikaja nayo," na ukipanga tarehe kama alivyokuwa anaziona yeye huwezi kumwita mjinga.

Gari la matangazo nalo lilikuwa linapita na spika, chanja, vaa barakoa, nawa mikono, epuka misongamano, vyote kwa pumzi moja. Ukikataa kimoja umekataa vyote, ukikubali kimoja unaona umemaliza. Kwa maoni yangu hapo ndo shida ilipoanzia, kabla hata ya uvumi wa mitandaoni.

Nije kwenye watu wenyewe.

Mjomba ndo kaka mkubwa wa mama wa mwali, na kwa Wamakonde mjomba ndo mwenye mwali, baba anaheshimiwa ila neno la mwisho kwenye mambo haya ni la upande wa mama. Yuko kwenye uongozi wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ya hapo kijijini, mtu wa hesabu. Hajachanja, na ukimuuliza hana hasira na chanjo wala haongei mambo ya 666 au sumaku kunata kwenye mkono, anasema tu "nitachanja, ila sio leo". Alichokuwa anakataa ni kupunguza watu.

Hapa lazima nikae kidogo. Mama wa mwali ana daftari, lile kaunta kubwa la jalada gumu, kona zimeshachakaa. Ndani kaandika kwa kalamu ya bluu kila ngoma aliyowahi kwenda na alichotoa, fulani, doti ya khanga, fulani, sufuria namba kadhaa, fulani, elfu tano, fulani, elfu kumi na ndoo ya plastiki. Pembeni ya baadhi ya majina kuna alama ya vema, maana yake huyo ameshanirudishia kwenye shughuli nyingine. Majina mengi hayana vema. Ni miaka mingi ya kutuza watoto wa watu, na siku ya kumtoa binti yako ndo siku ya kurudishiwa, hakuna siku nyingine. Sasa anatokea mtu anasema tualike nusu. Nusu ipi? Ukimwacha mtu ambaye umemtuza, unampa sababu ya kutorudisha, na ukimwacha ambaye hujawahi kumtuza, umemtukana. Mjomba alilifungua lile daftari mbele yetu akaligonga na kidole, "Nani nimfute humu?" Kimya. Mtaalamu wa afya akija na mwongozo wa mikusanyiko bila kujua kuna daftari hili, atarudi alikotoka akidhani watu wana roho ngumu.

Baba mdogo alikuja kutoka Dar, ndugu wa baba wa mwali. Huyu kachanja mapema, Agosti, cheti kakiwekea plastiki na kile kialama cha kuskani na simu, anakitoa hata asipoulizwa. Msimamo wake: mimi nimechanja, barakoa nimemaliza, ambao hawajachanja ndo wavae au wakae nyuma. Alikuwa anafuatilia taarifa za nje kwenye simu, na kwa kweli hakulitunga hilo, Marekani Mei 2021 shirika lao la afya, CDC, liliwaambia waliokamilisha chanjo wanaweza kuvua barakoa hata ndani. Tatizo ni kwamba yeye aliishia hapo. Tarehe 27 Julai 2021 haohao CDC walirudi nyuma, wakasema kwenye maeneo yenye maambukizi mengi hata aliyechanja avae akiwa ndani, kwa sababu kirusi cha Delta kilikuwa kinawapata waliochanja na wao wanakipeleka kwa wengine. Habari ya kuvua ilifika Newala, ya kuvaa tena ikakwama njiani.

Nesi ni mtoto wa dada mwingine wa mama wa mwali, yuko zahanati ya tarafa ya jirani. Kachanja, na barakoa haivui. Novemba 26 WHO walikuwa wameshakitaja kirusi kipya, Omicron, kwa hiyo kikaoni alikuja na wasiwasi wake umekaa wazi usoni.

Halafu bibi, mama mzaa mama, sukari na presha miaka mingi. Bibi hajachanja na hataki kusikia, lakini ndo aliyekuwa anaogopa watu kuliko wote pale. Watu wa nje huwa wanashindwa kuielewa hii. Mwanzoni mwa 2021 aliwazika wenzake wa rika lake, wengine huku Newala, wengine Mtwara mjini, na kila msiba unaambiwa "changamoto ya upumuaji", basi, hakuna zaidi. Kwa hiyo ugonjwa anaujua upo. Chanjo anaiogopa, ugonjwa anauogopa, anachotaka yeye ni watu wasijazane uani kwake.

Na mama wa mwali mwenyewe? Alikuwa kachanja. Kimyakimya, Oktoba, ule mpango shirikishi na harakishi ulipofikisha chanjo vituo vingi zaidi, mwanzoni vituo vilikuwa 550 tu nchi nzima. Hakumwambia mtu isipokuwa nesi, kwa sababu kijijini maneno yalikuwa chanjo inaharibu kizazi, na yeye bado ana umri wa kuzaa na mume wake ana ndugu wenye midomo. Kikao kizima alikaa kimya anapepeta karanga. Kwa hiyo ukihesabu "waliochanja" kwa macho pale kikaoni ungekosea.

Kikao kilivyokwenda. Nesi alianza vibaya, naomba anisamehe akisoma hapa. Alianza na takwimu za dunia na vitisho, oksijeni, ICU, mjomba akamsikiliza mpaka mwisho kwa heshima halafu akamuuliza, "Mama, mnadani juzi tulikuwa wangapi?" Akimaanisha mnada wa korosho, ambapo mamia ya wakulima wanakaa wanasubiri bei isomwe, viongozi wa wilaya wapo, hakuna aliyewazuia. "Mnada ruksa, ngoma hapana?" Nesi hakuwa na jibu na mimi nisingekuwa nalo. Baba mdogo akadakia kwamba basi waliochanja wapewe viti vya mbele, hapo ndo kikao kikachafuka, shangazi mmoja akamwambia mwanangu hapa sio Dar, huwezi kuwapanga watu kwa makaratasi kwenye ngoma ya mwali, mjomba wake ndo anakaa mbele achanje asichanje. Akaongeza na la mkopo, kwamba hayo madarasa mapya yanayojengwa pale shuleni ni hela ya korona, ndo maana wanatukimbiza tuchanje. Sasa madarasa ni kweli, ule mkopo wa korona wa IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, wa shilingi trilioni 1.3 ulipangiwa madarasa 15,000 na yalikuwa yanapanda kila kata mwezi huohuo. Lakini hela ilishaidhinishwa Septemba, haikuwa inalipwa kwa kichwa cha aliyechanja. Ila mtu anayeona tofali na sindano vimekuja pamoja ataviunganisha, na hakuna aliyekuja kumwelezea.

Kilichotuvusha kilitoka kwa mtu ambaye hatukumtegemea, yaani huyohuyo nesi, aliporudi kesho yake jioni peke yake na kuongea na mjomba barazani. Safari hii hakugusa ICU. Shikamoo, akakaa chini kwenye mkeka, akasema, "Mjomba, daftari sitaki ulifute hata jina moja. Wa mbali watume kwa simu, na jina lisomwe kwenye spika siku yenyewe na kiasi chake, mbele za watu." Mjomba akauliza na khanga je. Khanga waje nazo watu wa familia kwa niaba. Akafikiria, akasema hiyo inawezekana. Akakubali wa Dar, wa Masasi na wa Lindi wengi watume. Ukiniuliza mimi, hapo ndo kisa chote kilipogeukia. Nesi hakumbadilisha mjomba imani yake juu ya korona hata kidogo, alimpa njia ambayo deni linabaki salama.

La pili lilikuwa chumba. Mjomba na baba mdogo walikuwa wanagombania barakoa za uwanjani, wakati uwanjani ni nje, upepo wa Newala mnaujua, pale kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde unaweza kukupeperushia sahani. Hatari yenyewe ilikuwa kile chumba wanachokaa wali (ndo wingi wa mwali) na masomo yao, yaani wamama wanaowafunda, kidirisha kimoja, wamama wamebanana wanaimba saa nzima mdomo kwa mdomo. Kirusi hiki kinasafiri kwenye hewa ya watu wanaoongea na kuimba, kwa hiyo ukiniambia nichague kati ya barakoa mia uwanjani na dirisha moja chumbani nitachagua dirisha. Ila huwezi kuwatoa wali nje wakaonekana na wanaume, hiyo haijadiliwi. Wakajenga ua wa makuti nyuma ya nyumba, ukuta mrefu, juu wazi. Siri imebaki, hewa inapita. Nyakanga, yaani kungwi mkuu, alikagua akazunguka mara mbili, akapachika khanga sehemu moja iliyokuwa na tundu, akaridhia.

Maji. Sijui aliyepanga "nawa kwa maji tiririka" aliwahi kukaa uwandani huku kabla mvua hazijakolea. Maji ni ya kununua, ndoo inapigiwa hesabu, na unaambiwa watu wote waje wanawe kwenye koki. Tukatengeneza vibuyu chirizi, dumu la lita tano limetobolewa, kamba, kijiti cha kukanyaga, sabuni imening'inizwa. Kinatoa maji kidogokidogo na mikono inanawika. Watoto walimaliza sabuni ya kwanza kwa kuchezea, si unajua tena.

Bibi sasa. Wachanjaji walishawahi kufika kijijini akawakatalia, na sababu yake haikuwa uvumi, ilikuwa fomu. Mwanzoni ilikuwa lazima usaini fomu ya kuridhia, na bibi hajui kusoma vizuri, anajua kwamba karatasi ya kusaini ni ya kuuza shamba au ya hospitali mtu akipasuliwa. "Dawa nzuri inasainiwa ya nini? Nikifa liwe kosa langu?" Nesi akamjibu bila kumdanganya, akamwambia ukichomwa mkono utauma na unaweza kupata homa siku moja mbili, yapo madhara makubwa ya damu kuganda ila ni nadra sana, na korona kwa mtu wa sukari na umri wako ni mbaya zaidi ya hayo mara nyingi. Bibi akaniangalia mimi, akamwangalia yeye, akasema, "Haya mke mwenzangu, hiyo homa ikija usiku nani atanipikia uji?" Hilo ndo lilikuwa swali lake muda wote! Nesi akalala kwake siku hiyo. Homa ilikuja usiku mmoja, uji ukapikwa. Janssen ilikuwa sindano moja kwa hiyo hakukuwa na habari ya kumfuata tena mara ya pili, na kwa mzee wa kijijini hilo ni jambo kubwa kuliko asilimia zozote.

Ila ngoma ilikuwa inakaribia, na kinga haiji siku ya sindano, inajengeka kwa wiki kadhaa. Nesi akamwambia bado ukae mbali na watu. Baba mdogo kusikia hivyo akacheka, sasa amechanjwa ya nini? Nikamwelewa kwa nini anauliza. Kwake cheti ni ruhusa, unacho au huna. Kwa nesi chanjo inapunguza uwezekano wa kuzidiwa na kufa, haimfanyi mtu kuwa ukuta. Hawa wawili wamechanja sindano ileile na walikuwa mbali kimawazo kuliko nesi na bibi ambaye wiki moja nyuma alikuwa hataki kabisa.

Siku yenyewe ilikwenda. Watu walikuwa pungufu kidogo kuliko ngoma za kawaida za pale, sio nusu. Barakoa alivaa nesi, na mwalimu mmoja mgeni, na vijana wachache walivaa zile za kitambaa alizoshona fundi kwa mabaki ya vitenge, nyingi ziliishia kidevuni kabla ya saa nne. Baba mdogo alikaa mbele, karibu kabisa na mjomba ambaye hajachanja, wakacheza pamoja, watu wakamtania na cheti chake kwamba akipeleke kwa DJ akiskani. Bibi alikaa barazani kwenye kiti chake, wageni wakimwamkia kutoka chini ya ngazi, na mtu akitaka kupanda kumshika mkono mjukuu mmoja anamzuia. Wachache walinuna. Bibi mwenyewe alionekana kufurahia, kama malkia hivi.

Baada ya wiki hivi mafua yakapita, nyumba kadhaa, kikohozi, watu kulala siku mbili. Hakuna aliyepima. Mama wa mwali aliumwa kidogo, bibi hakuumwa. Na hapo kila mtu akachukua alichokuwa anakitaka. Mjomba: mafua ya msimu, tungealika wote tu. Nesi: tulipunguza, tukajenga ua, bibi tukamkalisha mbali, ndo maana hayakuwa makubwa. Baba mdogo alirudi Dar na jibu moja, chanjo inafanya kazi. Bila vipimo hakuna wa kumshinda mwenzake kwenye mabishano haya na mimi sitajifanya hakimu. Ninachoweza kusema ni kwamba mambo yaliyopunguza hatari kweli pale, ua wa makuti, bibi barazani na pesa za simu, hakuna hata moja lililokuwa kwenye tangazo la gari la spika.

Mjomba alichanja 2022, timu zilipoanza kupita nyumba kwa nyumba na mpaka mashambani. Nilimuuliza nini kimembadilisha akanishangaa, hakuna kilichobadilika, "si nilisema nitachanja, wamenikuta nimekaa". Miezi yote tulimhesabu kama mpinzani.

Ugomvi uliobaki mpaka leo kwenye ile familia hauna uhusiano na barakoa wala sindano. MC aliruka majina mawili ya watu wa Masasi waliotuma kwa simu, hayakusomwa kwenye spika, na wenyewe wamesikia. Mama wa mwali amewaandika kwenye daftari na meseji za muamala anazo, lakini wanasema hawatambui, walitaka wasomwe.